Shinyanga Hadi Katoro: Punguza Kidogo, Tunaongea

Kuna miji unayoitambua kwa harufu kabla basi halijasimama. Kahama utaitambua kwa masikio. Shuka stendi saa nne asubuhi, tembea kuelekea madukani, na kabla hujamaliza mita mia utakuwa umeshapita kwaya moja, bongo fleva mbili, amapiano, wimbo wa Kisukuma uliopigwa kwa kinanda, na sauti ya kijana iliyorekodiwa ikinadi viatu vya buku tano, ikirudia na kurudia mpaka betri ichoke. Zote kwa wakati mmoja, na hakuna inayomwachia mwenzake nafasi.

Mimi na mwenzangu tulikaa siku sita kwenye njia hii, kutoka Shinyanga mjini kupitia Kahama na Kakola hadi Geita na Katoro, tukinunua vitu vya nyumba kidogo kidogo na kula samaki kupita kiasi. Watu huja huku kwa dhahabu, kwa mchele, kwa harusi za ndugu. Sisi tulirudi na swali la kizushi ambalo bado tunalijadili mezani: nani hasa anashika kitufe cha sauti dukani, na anakizungusha kwa ajili ya nani?

Salamu kwanza

Shinyanga mjini hakuna haraka. Kwa miaka mingi mji huu ulijulikana kwa daladala za baiskeli: unakaa nyuma, jamaa anakanyaga, mnapiga stori mpaka unafika. Bodaboda zimezipunguza sana, lakini mwendo ule haujatoka mjini. Hata maduka ya katikati ya mji, yale ya baraza pana na milango ya mbao, yana utulivu fulani. Katika mengi tuliyoingia muziki ulikuwa redio ndogo juu ya kabati, taarifa ya habari ikifuatiwa na wimbo, sauti ya kadiri ya mtu anayezungumza chumba cha pili.

Sababu utaielewa ukisalimiwa. Msukuma hakusalimii kwa neno moja akaishia hapo. Ile mwangaluka ya asubuhi, au mwadila ya mchana, ni mlango tu. Ndani yake kuna nyumbani, kuna mvua, kuna watoto na mifugo, na binti aliyelelewa kwa desturi za huku atakunja goti kidogo wakati anajibu. Hebu jaribu kuyafanya hayo yote chini ya spika ya inchi 15. Utaishia kupunga mkono kama trafiki.

Nilimtazama mzee mmoja mwenye duka la vipuri vya baiskeli kwa karibu saa nzima, tukiwa tumejibanza barazani kwake kukwepa jua. Mteja akikanyaga kizingiti, mkono wa mzee unakwenda kwenye redio, kitufe kinarudi kushoto kidogo. Mteja akitoka na mnyororo wake, kitufe kinarudi kulia. Sidhani kama analifikiria tena jambo hilo. Mkono umezoea, kama dereva anayepunguza mwendo kwenye tuta analolijua.

Mtu anaweza kusema utulivu huu ni umaskini tu. Siamini. Nje kidogo ya mji kuna Mwadui, ambako John Williamson alianzisha mgodi wa almasi mwaka 1940, na almasi imechimbwa pale kwa zaidi ya miaka 80. Ila utajiri ule ulikaa ndani ya uzio, na nyumba zake, na hospitali yake, na uwanja wake. Haukumwagika barabarani. Dhahabu ya Kahama na Geita imemwagika barabarani, na huko ndiko tulikokuwa tunaelekea.

Barabara inapita Tinde, ambako magari yanagawana njia, kisha Isaka yenye bandari kavu na malori yanayosubiri kwenda Rwanda na Congo. Kuleni mchana Tinde au Isaka, wali mweupe wa huku usiohitaji maelezo. Kama mna bahati mtapata michembe au matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, vya kutafuna njiani. Halafu jiandaeni masikio.

Ngoma uwanjani, spika mlangoni

Kahama ilikuwa mji mdogo wa wilaya kabla ya migodi mikubwa. Bulyanhulu, upande wa Kakola, ulianza uzalishaji mwaka 2001. Buzwagi, karibu kabisa na mji, ulifunguliwa mwaka 2009 na uzalishaji wake ukafika mwisho mwaka 2021. Mwaka huo huo wa 2021 Kahama ikapandishwa kuwa manispaa. Mgodi ulifungwa, mji haukufungwa. Pesa ya mchimbaji mdogo, ya mkulima wa mpunga na ya mfanyabiashara anayepeleka mzigo nchi jirani bado inazunguka hapa, na inazunguka kwa miguu. Mwenye duka anajua kwamba mtu anayepita mbele yake ana hela mfukoni leo, na kesho huenda hana.

Sasa weka maduka kumi mfululizo yanayouza simu zile zile, kwa bei ile ile, chini ya bati lile lile. Ukishaondoa tofauti ya bei, kinachobaki ni kelele. Wa kwanza anaweka spika mlangoni. Wa pili anaweka mbili. Wa tatu anamleta MC. Jioni ya mwisho wa mwezi barabara nzima inatetemeka hadi vioo vya meza za simu vinanung'unika.

Ukitaka kuelewa kwa nini jambo hili halimshangazi mwenyeji, nenda kwenye ngoma. Wasukuma wana makundi mawili makubwa ya wachezaji, Bagika na Bagalu, ambayo chimbuko lake husimuliwa kwa waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha, waliotaka kujua nani zaidi. Baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa sita hivi, makundi hushindana. Na ushindani wenyewe hauendi kwa zamu kama kwenye jukwaa la mjini. Pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja na upande wake wa uwanja, huku ngoma, huku ngoma. Hakuna jaji mwenye karatasi. Anayeshinda ni yule ambaye umati umemkimbilia. Ndiyo maana kuna wanaocheza na chatu, wapo wanaocheza na nungunungu, na manju anayejua kutunga maneno makali ana thamani kuliko mwenye sauti nzuri tu. Kazi ni kuwavuta watu kutoka upande wa pili.

Mtaa wa maduka wa Kahama ni uwanja huo huo umewekewa umeme. Hayo ni maoni yangu, na niliyasema mbele ya mwenyeji wetu, mwalimu mmoja wa sekondari, akacheka akakubali nusu. Nusu aliyoikataa ndiyo yenye maana. Alisema uwanjani mtu akichoshwa na upande huu anatembea hatua 30 anakuwa upande wa pili. Dukani ameshaingia, ameshavutwa, ameshashinda mwenye duka, na bado anapigiwa ngoma kana kwamba yuko barabarani.

Tulilithibitisha kesho yake kwenye duka la magodoro. Nilikuwa nataka la inchi nane, mwenzangu anataka la kumi. Jambo dogo, ambalo nyumbani lingeisha kwa kutaniana. Pale ndani kulikuwa na sabufa mbili, na kila sentensi ilibidi ipande. Mwaka 1911 daktari Mfaransa aitwaye Étienne Lombard alieleza kwamba mtu akiwa kwenye kelele hupandisha sauti yake mwenyewe bila kujijua. Akasahau kutuambia uso nao unafanya nini. Unakunja, mishipa ya shingo inatoka, macho yanakodoka. Ukimtazama mpenzi wako anayepaza sauti hivyo, mwili wako unasoma ugomvi, hata kama anachosema ni "hili ni zuri ila tupime kitanda kwanza". Muuzaji naye anasikia kila kitu, maana tunapiga kelele. Anajua bajeti yetu kabla hatujamwambia. Tulitoka nje kuzungumza bei, na kutoka nje ya duka ndiyo mwanzo wa kutorudi.

Mwanamke mwenye rimoti

Siku hiyo hiyo, mtaa wa nyuma, tuliingia duka la vitenge na nguo za sendofu. Mlangoni kulikuwa na spika moja ndogo imetazama barabarani, inasikika vizuri tu kutoka ng'ambo. Ndani kulikuwa na nyingine mbili ndogo, moja kila pembe, juu karibu na dari. Mwenye duka, mama wa makamo ambaye wateja wote walimwita mayu, alikuwa na rimoti ndani ya mfuko wa aproni yake.

Mwangalie anavyofanya kazi. Mchumba na mchumbake wameingia, anawakaribisha, muziki umesimama pale pale, wa kuchangamsha. Binti anagusa kitenge, anaendelea. Anarudi kukigusa mara ya pili. Hapo rimoti inafanya kazi mfukoni, vibonyezo viwili. Kijana anamsogelea mchumba wake, wanainamisha vichwa. Vibonyezo vingine vitatu. Mwishoni muziki umebaki kama upepo, na wale wawili wananong'ona kwa raha zao, hawana habari kwamba wamefanyiwa hisani. Alitueleza kwa ufupi, huku anapima mita: watu wakianza kunong'ona ujue wanaongelea hela, na hela ya wawili haiongelewi kwa kelele. Lakini hazimi kabisa. Kimya cha ghafla kinawatisha, wanahisi duka zima linawasikiliza. Anabakiza muziki wa kutosha kuwafunika.

Mayu hakusoma popote. Ila waliosoma wamekutana naye njiani. Mwaka 1966 watafiti wawili wa Marekani, Smith na Curnow, walijaribu kupandisha na kushusha sauti ya muziki kwenye supamaketi. Wateja wa sauti ya juu walikaa muda mfupi zaidi dukani, wakati mauzo hayakuonyesha tofauti ya maana. Mwaka 1982 Ronald Milliman akaja na jambo la mwendo wa muziki: kwenye supamaketi aliyoichunguza, wimbo wa taratibu uliwafanya wateja watembee polepole, na mauzo yakawa juu kwa asilimia 38 ukilinganisha na muziki wa haraka. Ni Marekani, ni rafu na toroli, siyo Kahama. Mtu wa Kahama hatembei na toroli, anasimama mbele ya muuzaji na kubishana. Kwa mawazo yangu hiyo inafanya suala la sauti kuwa zito zaidi huku, kwa sababu biashara yetu yote iko kwenye maneno.

Kuna na ufundi mdogo ambao mayu alikuwa ameugundua mwenyewe. Nyimbo za kwenye flashi hazilingani sauti. Wimbo wa zamani wa dansi umerekodiwa kwa upole, singeli ya mwaka huu imekazwa mpaka mwisho. Muuzaji anapandisha ili dansi isikike, wimbo unaisha, singeli inaingia na kupasua duka, yeye yuko stoo. Mayu alikuwa na flashi tatu, asubuhi, mchana na jioni, nyimbo za aina moja kila flashi. Pia anajua nguo zinakula sauti. Duka lake limejaa vitambaa kuanzia chini hadi dari, kwa hiyo muziki unafika ukiwa mlaini. Duka la simu lenye vigae chini, vioo mezani na ukuta mtupu halina cha kuimeza sauti, inagonga na kurudi. Kipimo kile kile cha kitufe, maduka mawili, matokeo tofauti kabisa.

Masikio yaliyotoka makarashani

Kutoka Kahama tulichukua njia ya Kakola kwenda Geita, vumbi jekundu na malori. Geita ilikuwa wilaya ya Mwanza hadi ilipofanywa mkoa mwaka 2012. Mgodi mkubwa wa GGM ulianza uzalishaji mwaka 2000, na pembeni yake, kwenye vilima na vijiji kama Nyarugusu, kuna maelfu ya wachimbaji wadogo na maduara yao. Mawe yakitoka kwenye duara yanapelekwa kwenye makarasha, mashine za kusaga. Simama karibu na karasha dakika mbili. Vyuma vinagonga ndani ya pipa la chuma, injini ya dizeli inanguruma, na mtu anayeilisha mawe amevaa kandambili na kofia, masikioni hana kitu.

Migodi mikubwa, sehemu kama hizo huruhusiwi kuingia bila viziba masikio. Kipimo kinachotumika na wataalamu wengi wa usalama kazini ni desibeli 85 kwa saa nane. Na desibeli zina hesabu yake ya kihuni: ukiongeza tatu tu, nguvu ya sauti imekuwa mara mbili, na muda wako salama umekatwa nusu. Kwa hiyo 88 ni saa nne. 91 ni saa mbili. Ukifika 100 umebakiwa na robo saa. Huhitaji mashine kujua ulipo: simama na mwenzako umbali wa mkono mmoja, mzungumze. Mkilazimika kupaza sauti ili mwelewane, mko karibu na 85 au mmeshaivuka.

Sasa fuata mtu wa karasha jioni anapoingia Geita mjini na posho yake. Masikio yaliyochapwa kutwa huwa mazito kwa saa kadhaa, kila kitu kinasikika kama kimefunikwa blanketi. Muziki wa kawaida kwake ni hafifu. Mwenye baa anajua mteja anataka ujazo, anampa ujazo. Mwenye duka la nguo jirani naye anapandisha asimezwe. Hivyo kelele ya mlimani inahamia mjini, mtu mmoja mmoja, bila mtu yeyote kuamua. Hata yule wa mgodi mkubwa, aliyevaa viziba masikio wiki nzima kwa sheria, Jumamosi utamkuta ameegemea sabufa, ameshika chupa, mkewe anaongea na sikio lake kwa mikono miwili.

Mahali pekee pa biashara Geita tulipokuta utulivu wa kweli ni pale inapouzwa dhahabu yenyewe. Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019 na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, likiwa la kwanza nchini la namna yake. Hapo tulipochungulia hakuna aliyekuwa anapiga muziki. Mizani iko kwenye kioo, namba inasomwa, bei inatamkwa mara moja, mtu anaitikia au anakataa. Mwenzangu aliliona kabla yangu: kadiri kitu kilivyo na thamani, ndivyo wanavyokiongelea chini chini. Halafu akanikumbusha godoro.

Katoro usiku

Katoro iko kama kilomita 40 magharibi ya Geita, imeshikana na Buseresere kiasi kwamba mgeni hajui wapi panaisha wapi panaanza. Ukipenda mji usiolala, njoo. Chipsi, nyama choma, samaki, mitumba chini ya taa, bodaboda, na muziki unaokufikia kifuani kabla haujakufikia masikioni. Mimi nilipapenda. Nasema hivyo ili asije mtu akadhani nimesafiri kwenda kulalamika. Kuna furaha ya wazi pale, ya watu waliokutana kutoka Ukerewe, Kigoma, Biharamulo na Shinyanga, kila mmoja na wimbo wake.

Ila kwenye furaha ile kuna mtu amesimama mita moja kutoka kwenye spika tangu saa mbili asubuhi. Tulimkuta kwenye duka la nguo za kike, binti wa miaka ishirini na kitu, mchangamfu, anauza kwa ishara za vidole kuliko kwa maneno. Bosi wake anaishi mji mwingine. Mara kadhaa kwa siku bosi anapiga simu, na jambo la kwanza analosikiliza siyo habari ya mauzo, ni muziki. Asipousikia nyuma ya sauti ya binti, anauliza kama duka limefungwa.

Usiku binti akilala, masikio yanalia. Mlio mwembamba, kama nyaya za umeme. Mchumba wake ni fundi pikipiki, kijana mpole, na wamekuwa wakikosana kwa jambo ambalo hakuna kati yao aliyelipa jina. Akimwambia kitu, binti anajibu "nini?" Akirudia, "nini?" Mara ya tatu kijana ananyamaza, anaona anadharauliwa. Televisheni akiiweka sauti ya kawaida, binti anaipandisha. Kijana anatafsiri kwamba hataki mazungumzo. Binti alitusimulia haya huku anakunja blauzi, bila kusikitika sana, kama mtu anayeeleza tatizo la maji mtaani. Alikuwa amejaribu kuweka pamba masikioni. Pamba ya huku ni nzuri kwa mengi, lakini kwa kuzuia sauti haifiki mbali, na mteja akiiona anadhani unaumwa.

Wiki mbili kabla hatujafika alikuwa amepata akili nyingine. Alinunua waya mrefu, akaitoa spika nje, akaiweka juu ya stuli pembeni ya mlango ikitazama barabarani, mgongo wake kwa duka. Kutoka mita moja hadi kama mita nne. Kwenye uwazi, kila unapoongeza umbali mara mbili sauti hupungua karibu desibeli sita, na ukuta nao unasaidia. Barabarani duka linasikika vizuri kuliko zamani. Bosi akipiga simu, muziki anausikia. Na ndani mteja anaweza kuuliza kama kuna saizi 14. Binti aliniambia mlio wa usiku umepungua, haujaisha. Nilimshauri aende hospitali ya mkoa apimwe, kwa sababu mlio usioisha baada ya siku kadhaa haufai kuzoeleka, na kilichokufa ndani ya sikio hakioti tena. Akasema ataenda akipata ruhusa.

Mwenye biashara anayesoma hapa ajue pia sheria ipo. Tangu 2015 tuna kanuni za viwango vya kelele na mitetemo chini ya sheria ya mazingira, na mwaka 2023 NEMC ilifungia baa na kumbi kadhaa nchini kwa sababu hiyo. Na tangu sheria ya hakimiliki ya 1999, muziki wa msanii unaopigwa kwenye biashara yako unapaswa kulipiwa kibali. Huko Katoro sikuona mtu anayezitaja hizo mbili. Waya mrefu na stuli vilifanya kazi haraka zaidi.

Mkiamua kwenda

Njia rahisi kwa anayetoka Dar ni kufika Mwanza kisha kuvuka kwenda Geita. Kivuko cha Kigongo na Busisi, kilichokuwa kinakula saa za watu, kimepata mrithi: daraja la JPM, kama kilomita tatu juu ya ziwa, lilifunguliwa Juni 2025. Mnavuka kwa dakika chache na ziwa liko pande zote mbili. Ukitaka kuanzia Shinyanga kama sisi, fanyeni mzunguko: Shinyanga, Kahama, Geita, Katoro, mrudi kwa Busisi. Mwezi wa sita na wa saba ni wakati wa ngoma za mavuno, na Bujora, Kisesa nje ya Mwanza, kuna makumbusho ya Wasukuma ambayo Padri David Clement aliyaanzisha na ambako sherehe ya Bulabo bado inazikutanisha pande zile mbili.

Manunuzi ya pamoja fanyeni asubuhi. Kabla ya saa nne maduka mengi ya Kahama bado yako kwenye kwaya na sauti haijapanda. Mkikuta imepanda, ombeni ipunguzwe. Tuliomba mara tisa katika siku sita, kwa salamu kwanza na "samahani dada, punguza kidogo tunaongea", na mara nane walipunguza hapo hapo. Yule wa tisa alituonyesha kwamba kitufe kimekatika, kimebaki kile kijiti cha chuma, na kinazungushwa kwa koleo.

Hotelini Geita na Katoro ulizeni chumba cha nyuma, na mkifika kikaguliwe usiku, siyo mchana. Kwenye basi la kurudi Mwanza msikate viti vya mbele kabisa wala vya mwisho, spika ziko huko. Kateni katikati, upande wa kushoto, mtaliona ziwa mapema.